Amalgamu, zebaki na protini zinazolinda nyama ya jino

Mwalimu wa Bailojia wa shule ya upili karibu na Kakamega ameniandikia hivi: "Daktari, gego langu la chini lilizibwa kwa amalgamu miaka miwili iliyopita. Tangu mwezi jana nikinywa maji baridi linashtuka. Kaka yangu anachimba dhahabu upande wa Ikolomani na anatumia zebaki, kwa hivyo nyumbani kwetu zebaki haitajwi bila hofu. Nimesoma kwamba seli za ndani ya jino hutengeneza protini za kujikinga na metali na uvimbe. Ni kweli? Zikizidiwa, jino linakufa? Niitoe amalgamu? Na kapsuli za kiungo cha manjano zinazosemekana kuamsha protini hizo, ninunue?"

Mwalimu, habari ya kazi. Protini hizo zipo kweli, na nitakueleza zinavyofanya kazi kwa urefu kidogo kwa sababu wewe ni mwalimu na najua Kidato cha Tatu watakuuliza. Lakini usisubiri hadi mwisho kupata jibu la jino lako: amalgamu, yaani kile kizibo chako cha zebaki iliyochanganywa na metali nyingine, isiguswe kabla gego hilo halijapigwa picha na kupimwa kwa baridi, na pesa za kapsuli zibaki mfukoni. Katika barua yako, anayenitia wasiwasi zaidi ni kaka yako. Nitamrudia.

Sisi madaktari wa meno huita nyama ya ndani ya jino palpi. Ni ndogo mno. Kwa wastani, palpi ya jino moja la mtu mzima ina ujazo wa mililita 0.02 hivi, yaani haifiki hata nusu ya tone la maji, ingawa ya gego ni kubwa kuliko ya jino la mbele. Humo ndani kuna mishipa ya damu, neva, seli za kinga, seli za kawaida za kushikilia tishu, na pembeni, zimejipanga kama watu kwenye foleni ya benki, seli ziitwazo odontoblasti, zinazojenga dentini, ule ukuta mgumu unaoizunguka palpi. Mwaka 2000 watafiti walionyesha kwamba humo mna hata seli shina, zenye uwezo wa kujenga kitu kinachofanana na dentini upya.

Tatizo la palpi ni nyumba inamoishi. Kidole kikivimba, ngozi hutanuka. Palpi ikivimba haina pa kwenda, imezungukwa na ukuta mgumu pande zote, na damu yake huingia kwa tundu jembamba kwenye ncha ya mzizi. Shinikizo likipanda sehemu moja, mishipa ya hapo hubanwa, na taka za seli hubaki palepale. Tena ukuta wenyewe una matundu. Karibu na palpi, milimita moja ya mraba ya dentini ina mirija midogo 45,000 au zaidi. Chochote kinachokaa juu ya dentini, iwe sumu ya bakteria, asidi au chembe za metali zilizomomonyoka kwenye kizibo, kina njia ya kupenya. Hakipenyi chote, kwa sababu maji ya ndani ya mirija husukuma nje na dentini yenyewe hunasa vitu vingi njiani, lakini kiasi fulani hufika. Kwa hiyo seli za palpi haziwezi kukimbia wala kutanuka. Silaha zao ni za ndani.

Ya kwanza ukitaka kuielewa, nunua yai la kuchemsha kwa wale vijana wanaouza stendi ya Kisumu pamoja na kachumbari. Likate. Likiwa limechemshwa kupita kiasi, utaona pete ya rangi ya kijani na kijivu kuzunguka kiini. Salfa kutoka kwenye ute imekutana na chuma cha kwenye kiini, vikashikana. Salfa na metali hupendana, na mapenzi hayo ndiyo sababu ya zebaki kuwa sumu: ikiingia ndani ya seli hung'ang'ania salfa ya protini zinazofanya kazi muhimu, na protini ikishikwa pabaya husimama. Seli nayo hutumia mapenzi hayohayo kama mtego. Hutengeneza protini fupi iitwayo metalothionini, yenye asidi amino (matofali ya kujengea protini) 60 na kitu tu, na 20 kati ya hizo ni sisteini, ile asidi amino yenye salfa. Molekuli moja inaweza kukumbatia atomi 7 za zinki au za kadimi. Iligunduliwa mwaka 1957 kwenye figo la farasi, na tangu hapo imepatikana katika seli za karibu kila kiungo cha mwili.

Ninachokipenda zaidi ni jinsi inavyojiita yenyewe kazini. Siku za amani, metalothionini hubeba zinki, ambayo seli inaihitaji. Zebaki au kadimi ikiingia, kwa kuwa hushika salfa kwa nguvu zaidi, huisukuma zinki nje na kukaa mahali pake. Zinki iliyofukuzwa huzurura ndani ya seli hadi inaponaswa na protini nyingine, MTF-1, ambayo huingia kwenye kiini cha seli na kuamuru: metalothionini zaidi zitengenezwe. Mwenyeji aliyetolewa nyumbani ndiye anayekwenda kupiga ripoti.

Silaha ya pili inaitwa hemu oksijenesi-1. Hiyo ndiyo iliyochunguzwa zaidi kwenye seli za palpi, hasa na watafiti wa Korea Kusini na Taiwan, na nadhani ndiyo uliyoisoma. Unajua alama ya mtu aliyepigwa, inavyobadilika siku hadi siku: mwanzo ya samawati iliyokolea, kisha kijani, kisha njano. Kwenye ngozi zetu nyeusi haionekani vizuri, lakini iko. Rangi hizo ni kazi ya kimeng'enya hiki na mwenzake. Hemu, ile sehemu ya hemoglobini iliyoshika chuma, hukatwa na kuwa bilivadini ya kijani, kisha kimeng'enya kingine huigeuza kuwa bilirubini ya njano. Katika kukata, hutoka pia chuma huru na kaboni monoksaidi.

Ndiyo, kaboni monoksaidi, gesi ileile inayoua watu waliolala na jiko la makaa chumbani. Kwa kiasi kidogo kinachotengenezwa ndani ya seli, gesi hiyo hutuliza ishara za uvimbe. Bilivadini na bilirubini nazo huzima chembe kali za oksijeni ambazo metali na bakteria huziwasha. Hemu ikiachwa huru ni hatari, kwa hivyo kuiondoa ni faida tayari. Kinachobaki kuwa na shaka ni kile chuma. Chuma huru huwasha moto mpya, na seli ikikata hemu bila kukihifadhi, itajichoma kwa dawa yake yenyewe. Ndiyo maana agizo linalotoa hemu oksijenesi-1 hutoa pia feritini, protini yenye tumbo la mviringo inayoweza kumeza hadi atomi 4,500 za chuma.

Nani anatoa agizo? Protini iitwayo Nrf2. Seli ikiwa shwari, Nrf2 hutengenezwa kila wakati na kukamatwa kila wakati: mwenzake, Keap1, huishika na kuipeleka ikasagwe, hivyo haiishi zaidi ya dakika chache. Inaonekana kama upotevu, sawa na kupika chakula na kukimwaga, lakini ndivyo seli inavyoweza kuamka haraka. Keap1 nayo imejaa sisteini. Metali ikishika salfa ya Keap1, au chembe kali za oksijeni zikiigusa, mikono yake hulegea. Nrf2 hujaa, huingia kwenye kiini cha seli, na ndani ya saa chache protini za ulinzi huanza kupanda.

Upande wa pili wa kamba yuko NF-kB, protini nyingine inayotoa maagizo. Huyu huamshwa na ganda la bakteria na huagiza moto: jumbe za uvimbe ziitwazo TNF, interlukini-1 na interlukini-6, na vimeng'enya vinavyotengeneza maumivu. Tusimchukie. Bila yeye askari wa damu wasingejua pa kwenda. Lakini Nrf2 na NF-kB huvutana, na palpi hupona au hufa kutegemea mvutano huo unaishia wapi. Ndiyo maana utakuta utafiti unaochanganya mambo mawili, uvimbe na metali, katika bakuli moja: bakteria humvuta NF-kB, metali humwamsha Nrf2 na wakati huohuo hula akiba ya glutathioni, molekuli ndogo ya seli ya kujikinga, na seli iliyokwisha choshwa na kimoja hubaki na nguvu kidogo ya kukabili kingine.

Silaha ya tatu nitaipita haraka. Mwaka 1962 Ferruccio Ritossa, akichunguza seli za mate za inzi wa matunda huko Italia, aliona sehemu za kromosomu zimevimba zikifanya kazi kwa bidii. Kumbe mtu alikuwa ameongeza joto la kabati la kutunzia inzi hao. Hapo ndipo tulipopata protini za mshtuko wa joto. Mimi huziita wapambe, kwa sababu humsindikiza bibi arusi: protini iliyokunjwa vibaya kwa joto au metali hushikwa, hunyooshwa, na kama haifai tena hupelekwa kutupwa. Kwa jino, joto si mzaha. Jaribio la mwaka 1965 kwa nyani lilionyesha kwamba joto la ndani ya palpi likipanda kwa nyuzi 5.5 tu, meno 15 kwa kila 100 yalipoteza palpi. Yale maji yanayokumiminikia kinywani na kukukera daktari anapochimba jino yapo kwa ajili hiyo.

Sasa tahadhari. Majaribio mengi ya hemu oksijenesi-1 hufanyika kwa seli zilizotolewa kwenye magego ya mwisho yaliyong'olewa, zikakuzwa kwenye bakuli, zikamwagiwa zebaki, nikeli au shaba kwa siku moja au mbili. Ukizuia kimeng'enya, seli nyingi zaidi hufa. Ukikiamsha mapema, nyingi zaidi huishi. Ushahidi huo ni mzuri. (Kichekesho kwa mwalimu wa sayansi: dawa inayotumika sana kukizuia ina bati ndani yake, na inayotumika kukiamsha ina kobalti. Metali kwa metali.) Lakini bakuli halina dentini ya kuchuja, halina damu ya kuleta lishe na kuondoa taka, na kipimo cha metali huwa kikubwa na cha ghafla. Usichukue matokeo ya bakuli ukayahamishia kwenye gego lako kama yalivyo.

Ukiniuliza kipi huua palpi zaidi, metali au bakteria, nitakujibu bila kusita: bakteria. Ushahidi wangu ni jaribio la panya. Mwaka 1965 Kakehashi, Stanley na Fitzgerald walichimba magego ya panya hadi palpi ikabaki wazi, wakawaacha wakila chakula kikijaa shimoni. Panya wa kawaida, wenye bakteria kinywani, palpi zao zilioza na kufanya majipu. Panya waliolelewa bila bakteria hata mmoja walijenga daraja la dentini na kufunga kidonda, uchafu wa chakula ukiwa humo humo. Kila nikisoma upya kazi ile nashangaa jinsi palpi ilivyo na ujasiri ikiachwa ipumue. Seli zako zinaweza kumudu chembe chache za bati, shaba na hata zebaki zinazopenya kwenye dentini. Zinachoshindwa ni mgeni anayezaana, anayeleta sumu mpya kila saa, mwezi baada ya mwezi, katika chumba kisicho na mlango wa nyuma.

Kwa hiyo gego lako. Amalgamu mpya hupitisha baridi na joto, na mtu huweza kushtuka kwa wiki chache, kisha hutulia. Wewe ulikaa miaka miwili kimya. Mshtuko ulioanza mwezi jana unanifanya nishuku ukingo wa kizibo umeachia na bakteria wanapita pembeni, au kuna ufa, au jino linaoza upya chini. Kuna pia uwezekano wa fizi kushuka na shingo ya jino kubaki wazi, jambo ambalo halihusiani na kizibo kabisa. Jipime mwenyewe leo jioni: chukua maji baridi, hesabu. Maumivu yakikoma ndani ya sekunde chache baada ya kumeza, palpi yako bado inajitetea na mara nyingi inaokolewa kwa kuondoa uozo na kuziba vizuri. Yakibaki dakika nzima, yakija yenyewe bila maji, au yakikuamsha usiku wa manane, uvimbe umeshika mizizi. Hapo tutazungumzia kutibu mzizi, au siku hizi, kwa baadhi ya meno, kukata palpi ya juu tu na kufunika iliyobaki kwa saruji ya kalsiamu. Saruji hiyo ina ualikali mkali unaoua bakteria na kuzindua vichocheo vya ukuaji vilivyolala ndani ya dentini.

Je, amalgamu itolewe? Ikiwa imeachia au kuna uozo chini, ndiyo, kwa sababu hiyo. Kwa hofu ya zebaki peke yake, hapana. Ni kweli karibu nusu ya uzito wake ni zebaki. Iliyobaki ni fedha, bati, shaba na wakati mwingine zinki kidogo. Ikishaganda, mvuke unaotoka ni mdogo. Unaotoka kwa wingi ni ule wa wakati wa kuichimba, ndiyo maana anayeitoa anapaswa kumwaga maji mengi, kutumia mpira wa kutenga jino na mfyonzo wenye nguvu. Mwelekeo wa dunia ni kuiacha: Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, ulianza kufanya kazi mwaka 2017, mwaka 2022 nchi wanachama zilikubaliana kutoitumia kwa watoto wa chini ya miaka 15 wala kwa mama wajawazito na wanaonyonyesha, na Umoja wa Ulaya uliifungia mlango kwa matumizi ya kawaida Januari 2025. Nami siiweki tena nikiwa na kingine cha kuweka. Lakini kuacha kuweka mpya ni jambo moja, na kung'oa nzima iliyokaa vizuri ni jingine. Mamlaka ya dawa ya Marekani, ilipotoa tahadhari mwaka 2020, ilisema vivyo hivyo.

Tena kizibo cheupe, ambacho huenda unakitamani badala yake, si malaika. Resini, ile plastiki inayotengeneza kizibo hicho, isipoganda vizuri chini ya taa huacha molekuli, mojawapo ikiitwa HEMA, ambazo hupenya dentini na kumaliza glutathioni ya seli. Nrf2 ileile huamka, hemu oksijenesi-1 ileile hupanda. Seli haijali kama mgeni ni wa fedha au mweupe kama ugali. Inajali kiasi, na inajali kama mlango umefungwa.

Manjano sasa. Wauzaji hawakusema uongo mtupu, na huo ndio ujanja. Kurkumini, ile rangi ya manjano, kweli huamsha Nrf2 na hemu oksijenesi-1 kwenye bakuli. Ukiimeza, utumbo huinyonya kidogo sana, na ini huibadilisha mara moja. Kinachofika kwenye damu ni kidogo, na kinachofika kwenye palpi iliyovimba, ambayo mishipa yake imebanwa kama nilivyoeleza, mimi nisingekiwekea dau hata la shilingi kumi. Na hata kingefika, kingeamsha askari huku mlango ukiwa wazi na bakteria wakiingia. Weka manjano kwenye pilau. Ukinunua ya unga, nunua kwa unayemwamini, maana Bangladesh iligundulika kuwa manjano mengine yalipakwa kromati ya risasi ili yang'ae. Mtu aliyekimbia metali kwenye jino angeikuta kwenye kijiko.

Kaka yako. Zebaki ya maji ikimezwa, sehemu ndogo mno hunyonywa na utumbo. Mvuke wake ukivutwa, takriban asilimia 80 hubaki mwilini. Anapochoma ule mchanganyiko wa dhahabu na zebaki kwenye jiko la makaa, anavuta kwa dakika chache kiasi ambacho gego lako halingempa mtu yeyote, na mvuke huo hushika kuta, nguo na sufuria. Metalothionini ya figo zake inafanya kazi usiku na mchana kuliko ya palpi yako. Muulize anachomea wapi. Kama ni jikoni au penye watoto, hilo liishe wiki hii, kabla hata hujapanga safari ya kuja kwangu. Vyombo vilivyofungwa vya kunasa mvuke vipo, vinarudisha zebaki ikatumika tena, na mchimbaji akipiga hesabu ya bei yake huwa anasikiliza.

Mkija, njooni wawili. Wewe nitakupiga picha ya gego. Yeye atapelekwa maabara atoe mkojo, kwa kuwa zebaki ya aina hiyo hupimwa humo. Nitamtazama pia fizi na mikono: fizi zinazovimba bila sababu, mate mengi, na vidole vinavyotetemeka anaponyoosha mkono. Wewe unaweza kumtazama hivyo kabla yangu, Jumapili mkila pamoja, akishika kikombe cha chai.